Jibu Linalotangulia Swali: Ufundi wa Vibao vya Kuelekeza Maoneshoni

Ufundi wa kuwaelekeza wageni katika maonesho ni kazi ya kupanga maneno, picha, mishale na ramani ndani ya uwanja, jumba au makumbusho, ili mtu asiyewahi kufika hapo ajue alipo, aendako, njia itakayomfikisha, na kama amekwisha kufika au bado. Wataalamu wa kazi hii hutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: la kwanza ni utafutaji njia, yaani shughuli ya akili ya mgeni mwenyewe anapoamua apite wapi, la pili ni mfumo wa vibao, yaani vitu vinavyotundikwa, kusimamishwa au kuchorwa ukutani ili kuisaidia akili hiyo. Kutenganisha huku kuna maana kubwa, kwa kuwa anayeamini kwamba kazi yake ni kutengeneza vibao hutengeneza vingi, ilhali anayeelewa kwamba kazi yake ni kumsaidia mtu kuamua hutengeneza vichache, na huviweka pale ambapo uamuzi unafanyika. Kibao ni jibu, na jibu lina thamani pale tu swali linapozaliwa: likitangulia mno husahauliwa, na likichelewa huwa kejeli.

Katika jamii za Afrika Mashariki swali la njia halijapata kuwa swali la njia peke yake. Anayeuliza huanza kwa salamu, hujibiwa, huulizwa atokako na amtafutaye, na mara nyingi mwenyeji huacha shughuli yake akamsindikiza mgeni hatua kadhaa hadi pale njia inapoonekana. Kibao hakiwezi kusindikiza, na anayedhani kwamba kipande cha alumini kitachukua nafasi ya adabu hiyo hajaielewa adabu wala alumini. Hata hivyo, methali isemayo kuuliza si ujinga isingekuwa na kazi kama kuuliza kusingeambatana na haya. Yupo kiziwi, yupo mgeni asiyejua lugha, yupo mtoto aliyepoteana na wenzake, na yupo mzee anayehitaji choo kwa haraka lakini hataki jambo hilo lijulikane na vijana wa getini. Kwa hao wote kibao ni mwenyeji anayejibu bila sauti, na sifa ya kwanza ya ufundi huu ni kwamba humhifadhia mtu heshima yake.

Tena mwenyeji hodari ana mbinu ambayo wabunifu wa vibao wameifikia kwa njia ndefu: haelezi safari nzima. Humwambia mgeni aende moja kwa moja hadi kwenye mwembe, au msikiti, au duka la kona, akate kulia, na akifika hapo aulize tena; yaani humpa kipande cha njia kinachoweza kubebwa kichwani bila kumwagika, akijua kwamba mbele atapatikana mwenyeji mwingine wa kuendeleza maelezo. Ramani ya Dar es Salaam iliyomo vichwani mwa makondakta wa daladala imejengwa hivyo hivyo. Mnazi Mmoja, Magomeni Mapipa, Ubungo Maziwa, Buguruni Sheli na Mbagala Rangi Tatu, kama ilivyo Mwembe Tayari kule Mombasa, ni majina yanayoshika kitu ambacho jicho liliweza kukiona, na jina la namna hiyo likishakaa huendelea kuelekeza hata kitu chenyewe kikiondoka. Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, aliwahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu taswira ya mji, akaona kwamba picha ambayo mtu anakuwa nayo akilini kuhusu mji wake hujengwa kwa mambo matano: njia, kingo, kama vile ukuta, reli au ufuo, maeneo yenye sura moja, makutano, na alama bainifu, yaani kitu kinachojitenga na vingine kiasi cha kukumbukwa. Hilo la tano kondakta wa Mbagala angelitaja bila kuhojiwa.

Mfano ulio karibu na wasomaji wengi ni Maonesho ya Kimataifa ya Biashara ya Dar es Salaam, ambayo kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, huujaza watu uwanja wa Mwalimu J. K. Nyerere ulioko Barabara ya Kilwa, wilayani Temeke. Watu hawayaiti kwa jina hilo refu. Huyaita Sabasaba, kwa tarehe 7 Julai, siku ambayo TANU iliundwa mwaka 1954, na neno hilo moja limekuwa jina la siku, la maonesho na la mahali kwa pamoja. Mbunifu wa vibao angefaa kulitafakari jambo hilo kabla ya kushika kalamu, kwa sababu linaonesha kwamba umma huchagua wenyewe jina la kuelekezea, na huchagua lililo fupi. Ndani ya uwanja wa namna hiyo huingia mfanyabiashara wa Kariakoo anayetafuta mashine ya kukamulia mafuta, wanafunzi waliovaa sare na kushikana mikono, mnunuzi kutoka nchi ya nje mwenye saa mbili tu, na mama mwenye mtoto mgongoni ambaye hakuja kununua chochote. Milango ni ile ile lakini maswali si yale yale. Ndiyo maana kazi huanza kwa miguu: mbunifu hutembea kutoka kwenye kituo cha basi hadi banda la mwisho, kwanza kama mfanyabiashara, kisha kama mwanafunzi, kisha kama mama, akiandika kila mahali ambapo hatua zake zilisita. Orodha ya masito hayo ndiyo malighafi yake. Vibao vitakuja baadaye.

Kwamba kazi hii ni taaluma inayojitegemea, si pambo la mwisho la mjenzi, lilidhihirika katika maonesho makubwa ya dunia. Maonesho ya Montreal ya mwaka 1967, yaliyoenea kwenye visiwa viwili vya Mto St. Lawrence, yalihesabu mahudhurio zaidi ya milioni 50 katika muda wa miezi sita, katika nchi yenye lugha kuu mbili, na mmoja wa walioshughulikia vibao vyake alikuwa Paul Arthur, mbunifu wa Kanada. Miaka 25 baadaye Arthur alishirikiana na Romedi Passini kuandika kitabu kinachosisitiza kwamba utafutaji njia hauanzii kwenye kibao bali kwenye mpangilio wa nafasi yenyewe. Ukumbi ambao mlango wake umefichwa nyuma ya ngazi hautaponywa na mishale kumi. Mafundi wa kazi hii wanaujua ukweli huo kwa uchungu, maana kwa kawaida huitwa wakati kuta zimekwisha kusimama, bajeti imekwisha kutumika, na ufunguzi uko wiki mbili mbele.

Pale fundi anapopewa nafasi, hupanga vibao vyake kwa kazi zake. Kipo kibao cha utambulisho, kinachosema hapa ni wapi. Kipo cha uelekezo, kinachosema kule ni wapi. Ipo ramani, inayoonesha pote kwa pamoja. Na kipo cha sheria, kinachokataza kugusa, kupiga picha au kuvuta sigara. Cha mwisho ndicho wenye maonesho hukipenda kupita kiasi, na mahali penye makatazo mengi kuliko maelekezo mgeni huhisi amealikwa ili ashukiwe. Lakini ustadi hasa umo katika kibao cha uelekezo, ambacho mahali pake ni njia panda, yaani kila sehemu ambapo mtu analazimika kuchagua. Kati ya njia panda moja na nyingine pawe kimya, isipokuwa njia inapokuwa ndefu kiasi cha kumtia mtu shaka, na hapo kinawekwa kibao kidogo cha kumthibitishia kwamba hajapotea. Kwenye kibao kimoja yasirundikwe majina kumi na mawili. Yatajwe yale machache yanayohitaji uamuzi hapo hapo, na mengine yangoje njia panda ijayo, sawasawa na mwenyeji anavyosema, ukifika pale uliza tena. Kuacha jina nje ya kibao ni jambo gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu kila jina lina mwenyewe, na kila mwenye banda anaamini kwamba banda lake ndilo linalotafutwa.

Katika majina ndimo lugha inapoingia kazini kwa ukamilifu. Jengo moja la maonesho huweza kuwa na majina matatu: lililoandikwa kwenye kadi ya mwaliko kwa heshima ya mfadhili, lililo kwenye michoro ya mhandisi, na lililo midomoni mwa walinzi na wauza maji. Kibao kinachofuata kadi ya mwaliko kinamtumikia mfadhili. Kinachofuata michoro kinamtumikia mhandisi. Na mgeni, ambaye njiani atamuuliza muuza maji, hatumikiwi na chochote kati ya hivyo viwili. Kama jina la heshima halina budi kuwepo, na liwepo mlangoni kwa herufi nzuri, lakini kwenye mishale liandikwe lile la midomoni, au namba. Vivyo hivyo kwa neno la choo. Kiswahili kina choo, neno wazi linaloeleweka kila mahali. Kina msalani, neno la staha. Na kina maliwato, linalopendwa na ofisi. Kila moja lina haki yake, ila mfumo mmoja ukiyatumia yote matatu, mgeni wa lugha atadhani ameoneshwa sehemu tatu tofauti. Mlango wa kutokea nao una adabu zake: neno toka, likiandikwa peke yake kwa herufi kubwa nyekundu, ni amri ambayo mtu humpa mbwa aliyeingia jikoni, ilhali njia ya kutokea ni taarifa, na ule mnyambuliko wa kutendea, unaozaa kutokea kwenye kutoka, kupumzikia kwenye kupumzika na kunyonyeshea kwenye kunyonyesha, umekwisha kubeba ndani yake wazo la mahali pa kufanyia jambo. Lugha chache zimeandaliwa vizuri namna hiyo kwa kazi ya vibao.

Maandalizi hayo yana gharama, nayo ni urefu. Chumba cha kunyonyeshea hakiingii kwenye kisanduku kilichopimwa kwa neno la herufi nne, na vielelezo vingi vya vibao vinavyouzwa tayari vimepimwa kwa lugha nyingine. Matokeo yake huonekana kila siku: herufi za Kiswahili zimebanwa, zimepunguzwa, au zimesukumwa chini ya Kiingereza kwa ukubwa wa nusu, kana kwamba mwenye lugha ndiye mgeni. Fundi makini huanza upande wa pili: hukusanya maneno yote ya mfumo, hutafuta lililo refu kuliko yote, na hupima ubao kwa hilo, akijua kwamba palipotosha refu fupi halitakosa nafasi.

Kuhusu herufi zenyewe, kanuni ya mkono inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba sentimita 1 ya kimo cha herufi hutosha kwa takriban mita 3 za umbali, hivyo kibao kinachotakiwa kusomeka kutoka mita 30 kinahitaji herufi zenye kimo cha sentimita 10. Katika umati, hata herufi za kimo hicho hazina faida zikiwa usawa wa macho, kwa kuwa mabega ya watu ndiyo yatakayosomwa. Vibao vya uelekezo hupandishwa juu ya vichwa, na vya maelezo hubaki chini, karibu na vitu vinavyoelezwa. Kama maneno yaandikwe yote kwa herufi kubwa au la, ni mjadala wenye historia. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950, Jock Kinneir na msaidizi wake Margaret Calvert, waliokuwa wameandaa vibao vya uwanja wa ndege wa Gatwick, walipendekeza kwa barabara kuu mpya maneno yaandikwe kwa herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata, kwa hoja kwamba neno la namna hiyo huwa na umbo lake, lenye vilima na mabonde, ambalo jicho hulitambua kabla ya kusoma herufi moja moja. David Kindersley, mchongaji wa herufi kwenye mawe, alipinga, akabuni herufi kubwa tupu zenye vijikia. Zilipopimwa, tofauti ilikuwa ndogo, tena iliyoegemea kidogo upande wa Kindersley; na bado waliochaguliwa ni Kinneir na Calvert, ambao mfumo wao ulienea katika barabara zote za nchi hiyo kuanzia mwaka 1965. Uamuzi huo haukuwa wa kipimo peke yake. Vibao vya Kinneir na Calvert vina utulivu, na utulivu ni sifa ambayo mtu aliyekwisha kuchanganyikiwa huihitaji pengine kuliko ile asilimia ndogo ya kusomeka.

Mshale nao, ingawa huonekana kuwa alama rahisi kuliko zote, una mtego wake. Ubao ni bapa, na juu ya kitu bapa hakuna namna ya kuchora mbele, kwa hiyo mafundi wameazima mshale wa kwenda juu kumaanisha endelea moja kwa moja. Azimo hilo hufanya kazi vizuri kwenye njia iliyo tambarare, hadi kibao kinapowekwa karibu na ngazi, ambapo mshale ule ule humpandisha mtu ghorofa asiyoihitaji. Mwenyeji aliyeulizwa hapati shida hiyo, maana hunyoosha mkono, au mdomo. Dawa ya fundi ni kuhamisha kibao, kuchora ngazi kando ya mshale, au kuupinda kidogo mshale wenyewe uwe wa mshazari. Katika nchi za Ghuba, na popote Kiarabu kinapokaa bega kwa bega na lugha ya herufi za Kilatini, upo mtego mwingine: maandishi hugeuka upande, yakasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini mshale haugeuki, kwa sababu ukumbi uko pale pale, na programu ya kompyuta inayogeuza mpangilio mzima kama kioo humpeleka mgeni upande ambao hakuna kitu.

Ramani ya ukutani yenye nukta ya uko hapa huhitaji uangalifu zaidi ya vyote. Marvin Levine, mwanasaikolojia wa Marekani, alionesha katika utafiti alioutoa mwaka 1982 kwamba ramani ya namna hiyo humsaidia mtu pale tu inapoelekezwa sawa na mahali inapotazamwa, yaani kilicho mbele ya msomaji kiwe juu ya ramani, na kilicho kuliani kwake kiwe kulia. Maana yake ni kwamba ramani nne za uwanja mmoja, zikitundikwa kwenye kuta nne, lazima ziwe michoro minne inayotofautiana. Wenye maonesho wengi huchapa mmoja na kuunakili, kwa kuwa ni nafuu, na kwa kuwa wamefundishwa shuleni kwamba kaskazini ni juu. Mtu anayeonekana amesimama mbele ya ramani akizungusha kichwa chake ndiye anayelipa unafuu huo.

Kuhusu picha, historia ya ufundi huu ni tajiri. Otto Neurath alianzisha mjini Vienna, mwaka 1925, makumbusho ya jamii na uchumi, na humo, akisaidiwa baadaye na mchoraji Gerd Arntz, alikuza mtindo wa kueleza takwimu kwa vijipicha vinavyorudiwa, ili mfanyakazi asiye na elimu ya juu azisome. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, iliyowapokea wageni wengi wasioweza kusoma Kijapani, ilipewa vijipicha 20 vya michezo na 39 vya huduma chini ya usimamizi wa Katsumi Masaru. Lakini mfano ulio karibu zaidi na fikra za Kiswahili ni reli ya chini ya ardhi ya Mexico City, iliyofunguliwa mwaka 1969, ambamo mbunifu Lance Wyman alisimamia alama za kituo kwa kituo katika mji uliokuwa na watu wengi wasiojua kusoma. Kituo cha Chapultepec, jina ambalo kwa Kinahuatl ni kilima cha panzi, kilipewa picha ya panzi. Kituo cha Pino Suárez kilipewa picha ya hekalu dogo la kale lililofukuliwa wakati reli hiyo ikichimbwa. Abiria asiyejua herufi hata moja huweza kuagizwa ashuke penye panzi. Akili iliyozaa panzi huyo na akili iliyozaa Mbagala Rangi Tatu ni ndugu, tofauti yao ni kwamba moja ilipata mchoraji wa kuajiriwa na nyingine haijampata.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba picha haina lugha. Kijipicha cha mtu aliyevaa suruali na cha mtu aliyevaa vazi lililotanuka chini vimeenea duniani kwenye milango ya vyoo, kikiwa cha kwanza mwanamume na cha pili mwanamke. Katika mji ambamo siku ya Ijumaa wanaume huvaa kanzu, kijipicha cha pili kinafanana na sheikh kuliko na mwanamke yeyote. Watu wamejifunza kukisoma, kama walivyojifunza herufi, lakini kujifunza si sawa na kuelewa kwa kuona. Neno moja la Kiswahili chini ya picha halipunguzi uzuri wake. Rangi nazo hazina budi kupewa mwenzi. Kuugawa uwanja katika eneo jekundu, la kijani na la buluu hupendeza kwenye michoro, ila miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini takriban mwanamume 1 kati ya 12 hutatizika kutofautisha baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani, na tatizo hilo lipo pia katika jamii nyingine, kwa hiyo kila rangi iambatane na namba au picha. Isitoshe jua la pwani halijali michoro: wino mwekundu na wa manjano huwahi kupauka, na yeyote aliyetazama mabango ya zamani nje ya maduka ameona nyuso za watu zilizobaki na rangi ya buluu. Eneo jekundu lililowekwa juani muda mrefu litakuwa la rangi isiyo na jina.

Kwa upande wa vifaa inatosha kusema kwamba maonesho ni mgeni mahali yalipo. Kwenye ngome ya kale kama Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 na kufanywa makumbusho miaka mingi baadaye, fundi mwenye haya hapigi msumari kwenye ukuta wa matumbawe. Kibao chake husimama kwa miguu yake mwenyewe, na siku ya kuondoka hakiachi kovu.

Lipo swali moja linaloyatofautisha maonesho na hospitali au uwanja wa ndege, nalo ni kama mgeni anapaswa kufika upesi. Anayekimbilia ndege hataki kingine ila mlango wake, bali anayetembelea maonesho amekuja kukutana na asichokijua, na mfumo unaomfikisha moja kwa moja kwenye kitu kimoja maarufu unamnyang'anya vingine vyote. Katika jumba la makumbusho la Guggenheim mjini New York, lililofunguliwa mwaka 1959, msanifu majengo Frank Lloyd Wright alilijibu swali hilo kwa jengo lenyewe: mgeni apandishwe kwa lifti na ashuke kwa njia moja inayozunguka kama kombe la konokono, hata kibao cha kumwambia aendelee mbele kikawa hakina kazi. Wachache hupata jengo la namna hiyo. Walio wengi hufanya kazi kwenye kumbi za pembe nne, ambamo, kama mwanasaikolojia Arthur Melton alivyoona katika uchunguzi wake wa mwaka 1935 kwenye makumbusho ya sanaa mjini Philadelphia, wengi wa wanaoingia hugeukia kulia, pengine bila kujua kwa nini. Fundi anayelijua hilo huweka mwanzo wa hadithi upande huo, badala ya kuwapigania watu kwa mishale. Anajua pia kwamba miguu ina kikomo. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa Boston alichapisha makala kuhusu uchovu wa makumbusho, akitumia picha za mtu anayeinama na kujipinda ili aone vitu vilivyowekwa vibaya kwenye makabati. Na tangu hapo hakuna udhuru wa kumficha mgeni kwamba bado kumbi nne zimesalia, wala wa kumnyima mshale wa kwenda kwenye benchi. Kuna namna ya kupotea iliyo tamu, ya mtu anayejua kwamba akitaka kutoka ataona njia. Kuulinda utamu huo usigeuke kuwa hofu ndiyo kilele cha kazi hii.

Hukumu juu ya mfumo wa vibao haitolewi siku ya ufunguzi, wakati viongozi wanapotembezwa na wenyeji wasiohitaji kusoma chochote. Hutolewa wiki ya pili, na watoa hukumu ni walinzi, wafagiaji na dada wa mapokezi, ambao, wakiwa wamechoka kujibu swali lile lile, huchukua karatasi nyeupe na kalamu ya wino mzito, wakaandika choo kiko nyuma, au hapa si njia, wakabandika kwa selotepu kando ya kibao cha gharama kubwa. Wabunifu wengi huzichukia karatasi hizo na huagiza zibanduliwe kwa kuwa zinachafua sura. Lakini kila moja ni swali lililoulizwa mara nyingi mno bila kujibiwa, limeandikwa kwa lugha ya midomoni, kwa neno fupi kuliko yote, mahali hasa ambapo hatua za watu zilisita. Hakuna utafiti wa kulipiwa utakaoleta taarifa bora kuliko hiyo. Waandaaji wa maonesho, wa Sabasaba, wa Nanenane, wa Jamhuri Park ya Nairobi na wa makumbusho ya miji midogo, waombwe basi jambo moja: mkataba wa mbunifu wa vibao usiishie siku ya kukata utepe, na karatasi za walinzi zisibanduliwe kabla hajazisoma.